Sikumsaidia, sijamsaidia: kitenzi “help” kikianzia upande wa kukanusha

“I was help my mother.”

Mpwa wangu aliitamka sentensi hiyo bila kusita, Jumapili jioni, nilipomuuliza kwa Kiingereza jana yake alishinda akifanya nini. Yuko kidato cha kwanza. Daftari lake lilikuwa wazi mbele yetu, na kwenye ukurasa uleule kulikuwa na jedwali la vyumba 12 alilolijaza mwenyewe: kitenzi “help” katika nyakati zote, na wino mwekundu wa mwalimu umepiga vema kila chumba. “I helped” ilikuwepo. “I was helping” ilikuwepo. Hakukosa hata kimoja.

Kisha akainua kichwa kunijibu, na jedwali lote likabaki kwenye daftari.

Nilimsahihisha, akarudia vizuri, tukaendelea na mengine. Lakini sentensi ile imenikaa kichwani wiki nyingi. Sentensi za namna hiyo nazisikia kila siku: “I am live in Mbeya”, “I didn’t went”, “I was go”. Kila aliyesoma shule zetu anazijua, na wengi wetu tumewahi kuona video za watu wakichekwa kwa ajili yake. Mimi sioni cha kucheka. Makosa haya yanafanana mno kuwa ya bahati mbaya. Watoto wa Kigoma na wa Lindi, ambao hawajawahi kuonana, wanakosea kwa namna moja. Kitu kinachojirudia hivyo kina sababu, na sababu hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Vyumba 12, maumbo manne

Jedwali lenyewe linatisha kuliko linavyostahili. Kitenzi cha Kiingereza kinachofuata kanuni kina maumbo manne tu: “help”, “helps”, “helping”, “helped”. Basi. Hata “be”, chenye maumbo mengi kuliko vyote, kina manane. Mtoto anayesema hatutawasaidia, wakisaidiana, asingenisaidia, na hasemi baada ya kufikiri bali yanamtoka tu, amebeba mzigo mzito kuliko huo kabla hajaanza darasa la kwanza.

Vyumba 12 vinatokana na wasaidizi wanaotangulia kitenzi: “will”, “have”, “be”. Waondoe, utaona kwamba kitenzi chenyewe kinabadilika umbo kuonyesha wakati uliopita tu, pale kinapoongezewa “-ed”. Wakati ujao hauna umbo lake hata kidogo. Sarufi kubwa ya Cambridge ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, iliyotoka 2002, inasema wazi kwamba Kiingereza hakina njeo ya wakati ujao. Kina neno “will”, ambalo ni la ukoo mmoja na “can” na “may”.

Kwa hiyo maumbo si tatizo. Mpwa wangu anayo yote manne.

Tatizo ni kuchagua, na jedwali halifundishi kuchagua.

Nilipoanza na -me-

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa jepesi: mpe mtoto Kiswahili chake. -li- iwe “helped”, -me- iwe “have helped”, -na- iwe “am helping”, -ta- iwe “will help”. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, na kwa “help” mambo yanakwenda. Nimemsaidia, “I have helped her”. Sawa kabisa.

Sasa chukua kuchoka. Nimechoka. Mwingereza hasemi chochote chenye “have” hapo, anasema “I am tired”. Amesimama mlangoni: “she is standing”. Amevaa sare: “she is wearing”. Amelala, nimeshiba, vivyo hivyo. -me- yetu hutazama hali iliyobaki baada ya tendo, na hali hiyo ikiwa bado ipo mbele ya macho, Kiingereza huifuata kwa “be”.

Upande wa pili nao unavuja. Tunasema amefika jana na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinakataa. Ukishaitaja jana, “has arrived” imefukuzwa, inabaki “arrived”.

Hapo nikaanza kulitilia shaka wazo zima la kupitia Kiswahili. Wapo walimu wanaoamini kwamba mtoto akifikiri kwa Kiswahili hatakijua Kiingereza, na kwa muda nilielekea upande wao. Pengine “I was help” ndiyo hasara ya kutafsiri kichwani, na dawa yake ni kuifunga lugha moja nje ya mlango wakati nyingine inafundishwa.

Kilichonigeuza ni mchezo.

Kitenzi ambacho hakipo

Mwaka 1958 mwanaisimu wa Marekani, Jean Berko, alichapisha jaribio ambalo hadi leo linasomwa na kila anayejifunza jinsi watoto wanavyopata lugha. Aliwaonyesha watoto wa miaka minne hadi saba picha ya mtu akifanya kitu kisicho na jina, akawaambia kwamba mtu huyu anajua “rick”, na jana alifanya hivyohivyo. Jana alifanyaje? Watoto wengi walijibu “ricked”. Hawakuwahi kulisikia neno hilo popote, maana Berko alilitunga mwenyewe. Walichokuwa nacho ni kanuni, si orodha ya kukariri. Waliteleza zaidi kwenye “mot”, kwa sababu linaishia na t na hapo kanuni inadai silabi nzima ya ziada.

Nikamtungia mpwa wangu kitenzi cha Kiswahili. Kuzofya.

“Leo anazofya. Na jana?”

“Alizofya.”

“Kanusha.”

“Hakuzofya.”

“Na kama tunamsubiri afanye?”

“Hajazofya.”

“Kesho, mimi na wewe, tukikataa?”

“Hatutazofya, Mjomba.” Alikuwa anacheka.

Nikampa “rick” ya Berko. Jana? “He ricked.” Haraka, bila kufikiri. Nikamwambia akanushe.

“He didn’t ricked.”

Pale ndipo nilipoona kitu. Kanuni ya “-ed” anayo, tena anaweza kuivika neno ambalo hajawahi kulisikia. Kanuni ya kukanusha kwa Kiswahili anayo pia: alipotoka kwenye alizofya kwenda hakuzofya aliitoa -li- na kuiweka -ku-, na hakuna aliyemwambia. Hakusema haalizofya. Asingeweza kusema hivyo hata ukimlipa. Lakini alipovuka kwenda Kiingereza, ujuzi huo aliuacha ng’ambo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba unavuka naye.

Kiti kimoja

Nikairudia “I was help” kwa macho mapya.

Ni-li-saidia.

I was help.

Mtenda, wakati, tendo. Ameyapanga maneno kwa mpangilio kamili wa kitenzi cha Kiswahili, kisha pale inapokaa -li- akaweka neno la Kiingereza lenye harufu ya wakati uliopita. “I am live in Mbeya” ni jambo lilelile: ni-na-ishi. Anayesema hivi ana sarufi timilifu, na sarufi hiyo inatafuta kiti cha kukalia.

Na kiti kipo. Kiingereza kinacho palepale, kati ya mtenda na tendo: “I will help”, “I can help”, “I did help”. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonisimamisha. “I did help my mother” ni Kiingereza safi. Leo husemwa na mtu anayesisitiza, labda kuna aliyembishia, lakini zamani haikuhitaji ubishi wowote. Katika Biblia ya King James ya 1611, Adamu anapoulizwa kuhusu lile tunda anajibu “and I did eat”. Yetu inasema nikala.

Kwa hiyo binti alikipata kiti, akakosea abiria. Kosa hilo si dogo, kwa sababu “was” ikikaa pale, na msikilizaji akamsaidia kidogo kwa kuisikia kama “I was helped”, maana inapinduka: nilisaidiwa. Binti aliyefua nguo za nyumba nzima Jumamosi anaeleweka kwamba mama yake ndiye aliyemfulia.

Kutoka hapo kanuni nzima inaweza kusemwa kwa mstari mmoja: wakati hubebwa mara moja.

Kiti kikiwa na mtu, huyo ndiye anayeubeba: “did help”, “did not help”, “did you help”. Kikiwa kitupu, wakati unashuka hadi mwisho wa kitenzi: “helped”. Ukisema “didn’t helped” umeubeba mara mbili. Herufi s ya “she helps” inaishi kwa sheria hiyohiyo. Kwenye “she does not help” haijapotea, imehamia kwenye “does”. Na mtoto wa Kiswahili anaijua sheria hii tangu anajifunza kusema, kwa maana nilisaidia ina -li- moja, sikusaidia ina -ku- moja, na hizo mbili hazikai pamoja katika neno moja.

Kuna maelezo ya muda mrefu kuhusu asili ya “-ed”, yenye watetezi na wapinzani, kwamba chanzo chake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kutenda, kilichoganda mwishoni mwa vitenzi vingine. Yaani “did” ileile. Kama ni kweli, Kiingereza kimekuwa kikiuhamisha mzigo huu mbele na nyuma ya kitenzi kwa karne nyingi.

Upande wa kukanusha

Siku hizi tunaanza na hapana kabla ya ndiyo. Sijaona kitabu cha kidato cha kwanza kinachoanza hivyo, na najua inaonekana kama kuvaa shati nje ndani, lakini tazama:

Simsaidii. “I do not help her.”

Sikumsaidia. “I did not help her.”

Sijamsaidia. “I have not helped her.”

Sitamsaidia. “I will not help her.”

Upande mmoja maumbo manne, upande mwingine wasaidizi wanne, na kila mmoja amekaa kitini. Ule uvujaji wa jana umezibika, kwa sababu tunaosema amefika jana hatusemi hajafika jana. Tunasema hakufika. Kwenye kukubali, -me- na -li- zinaingiliana mipaka, lakini kwenye kukanusha Kiswahili ni kikali kama Kiingereza chenyewe. Muulize mtoto yeyote tofauti ya sijala na sikula. Sijala, bado nina njaa, niwekee. Sikula, ile siku imekwisha. Tofauti hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa, ndiyo ya “I have not eaten” na “I did not eat”, ambayo tulikuwa tukifafanuliwa kwa maneno mazito kama “present perfect” mpaka kengele inalia.

Mpwa wangu aliikamata papo hapo. Alichofanya ni kuipa majina ya kigeni tofauti aliyokuwa akiiishi.

Sisemi kila kitu kimekaa sawa. Sijachoka bado ni “I am not tired”, na vitenzi vya jinsi hiyo inabidi vizoewe kimoja kimoja. Simsaidii nayo inabeba mawili, “I do not help” na “I am not helping”. Kwenye kukubali tunaye mkombozi, hu-. Mimi humsaidia mama kila Jumamosi ni “I help” tupu, na namsaidia sasa hivi ni “I am helping”. Nashangaa hu- inavyosahaulika katika kufundisha Kiingereza, maana inaeleza ile “simple present” kuliko -na- inavyoweza. Bahati mbaya hu- haina umbo lake la kukanusha, kwa hiyo pale njia yangu inakatika, na ninamwambia hivyo bila kumficha.

Kwa nini “helped” mara mbili

Jioni moja aliweka kidole kwenye safu mbili za mwisho za orodha yake. Help, helped, helped.

“Mjomba, kwa nini wameiandika mara mbili?”

Ni swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu Kiingereza. Jibu lake ni kwamba hayo ni maneno mawili yaliyovaa sare moja. La kwanza linabeba wakati, “I helped”. La pili halibebi wakati wowote. Katika “I have helped” wakati uko kwenye “have” iliyokaa kitini, na “helped” ya pale inataja tendo lililokamilika tu. Ndiyo maana inaweza kusimama pia kwenye “I will have helped”, ambalo halijatokea bado.

Zamani hazikufanana. “Help” hakikuwa kitenzi cha kanuni. Katika Kiingereza cha kale kilikuwa “helpan”, wakati uliopita “healp” kwa mmoja na “hulpon” kwa wengi, na lile la tatu lilikuwa “holpen”. “Holpen” bado imo katika King James ya 1611, kwenye wimbo wa Mariamu, Luka sura ya kwanza: Mungu “hath holpen” mtumishi wake Israeli. Fungua Biblia ya Kiswahili palepale utakuta Amemsaidia. -me-, mahali ilipotarajiwa hasa.

Kanuni ya “-ed” imekuwa ikivimeza vitenzi vya namna hiyo karne kwa karne. Erez Lieberman na wenzake wa Harvard walivihesabu, wakachapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 2007. Katika vitenzi 177 visivyofuata kanuni walivyovichukua kutoka Kiingereza cha kale, 145 vilikuwa bado hivyo katika Kiingereza cha kati, na leo vimebaki 98. Vinavyotumika mara chache ndivyo vinavyosalimu amri mapema. Kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu kuliko mwenzake hugeuka haraka mara 10 zaidi. Vile vya kila dakika, “be”, “have”, “do”, “go”, “say”, “see”, “take”, “get”, vimegoma. Hakuna anayepata nafasi ya kuvisahau. Na vitenzi vipya vyote vinaingia kwa mlango wa kanuni, “googled”, “texted”, kama vile sisi tunavyosema nimechati na hajagugo bila kumuuliza mtu.

Takwimu hizo zilinifanya nisite juu ya jambo ambalo sikuwahi kulihoji, yaani desturi ya kuanza na vitenzi vya kanuni kwa sababu ni rahisi. Ni rahisi kweli kwenye karatasi. Lakini vinaficha tofauti muhimu kuliko zote, ile ya safu ya pili na ya tatu, na mtoto akitoka nje ya darasa maneno ya kwanza anayokutana nayo ni “went”, “said”, “saw”. Sasa kila ninapompa “help” nampa na “see” kando yake. “I saw”, “I have seen”. Akiwa na wasiwasi kuhusu “helped” ipi anayoitumia, anaiweka “see” mahali pake na kusikiliza inatoka ipi.

Matamshi nayataja kwa kifupi. Anasema hel-ped, silabi mbili, kama wengi wetu. “-ed” huwa silabi kamili baada ya t na d tu: “wanted”, “needed”. Kwenye “helped” ni t nyembamba, kwenye “played” ni d. Ulimi uliolelewa na silabi zinazoishia na irabu hauipendi l, p na t zikibanana hivyo, na sikio nalo linaikosa. Watu wakisema “I helped Tom” kwa mwendo wa kawaida, ile t inamezwa na jina. Wanafunzi wengi hawaiweki “-ed” kwa sababu hawajawahi kuisikia.

Tangu Januari

Vyumba vya mbali vya jedwali vimetupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. “I had helped” ni nilikuwa nimesaidia: -li- kwenye neno la kwanza imebeba wakati, -me- kwenye la pili imebeba ukamilifu, na “had” pamoja na “helped” wamegawana kazi vilevile. “I was helping” ni nilikuwa ninasaidia. Na hapo, hatimaye, “was” aliyoing’ang’ania siku ile imepata kazi halali.

Kinachonisumbua sasa ni tangu. Kiswahili kinasema anaishi Morogoro tangu 2019, kwa -na-, kwa kuwa bado anaishi huko. Kiingereza kinaangalia miaka iliyokwisha kupita na kudai “has lived”. Kukanusha hakutoi mwanga hapa, na hu- haigusi. Tumeitengea tangu ukurasa wake, na sentensi ya kwanza ameiandika yeye: “I am waiting for my results since Monday.” Kiti kina mtu, wakati umebebwa mara moja tu, kila neno liko sawasawa na nasubiri matokeo yangu tangu Jumatatu. Mwalimu ataipiga kosa, naye atakuwa na haki, na kanuni yangu ya kiti haina la kumweleza binti kwa nini.